Hii Si Anekse

Mukundwa alihama siku ya Jumatano, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ambayo mdogo wake Vénuste hukaa nyumbani, naye hakutaka mtu aje kusema baadaye kwamba aliondoka kwa kunyemelea. Alitaka aonekane. Mtungi wa gesi ulitangulia juu ya pikipiki, umefungwa mipira nyuma ya dereva kama bibi harusi anayeogopa kuanguka. Nyuma ya pikipiki akaja yeye mwenyewe kwa miguu, godoro kichwani, jiko jipya la sahani mbili kalibana kwapani.

Njia ilikuwa moja tu. Unatoka barabara ya juu, pale penye nguzo ya umeme, unapita kandokando ya ua wa Vénuste, halafu unateremka kidogo kuelekea ziwani. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya Mukundwa: vyumba viwili, bati jipya, mlango uliopakwa rangi ya kijani ambayo fundi aliuliza mara tatu kama kweli anaitaka.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kwanza. Aliyozaliwa ilikuwa ya baba yake, kule Bukavu. Aliyoolewa ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe hakuacha siku ipite bila kumkumbusha hilo. Aliporudi Rwanda, mjane asiye na mtoto, aliingia katika anekse ya Vénuste, yaani kile chumba kimoja cha uani ambacho watu hujenga kwa ajili ya mpangaji, au kuku, au dada. Akakaa humo miaka kumi na tisa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mukundwa alipewa jembe kabla hajatua begi.

Umeme wa ile anekse ulitoka nyumba kubwa, kwa waya mwembamba uliopitishwa dirishani. Vénuste akikasirika, anauchomoa. Aliuchomoa chumvi ilipozidi. Aliuchomoa timu yake ilipofungwa. Mara moja aliuchomoa kwa sababu Mukundwa alicheka kanisani, na kweli alicheka, lakini padri mwenyewe ndiye aliyeanza. Kila mara Mukundwa alikaa gizani akisikiliza redio ya Vénuste upande wa pili wa ukuta, akijiambia neno moja tu: ngoja. Mchana alikaanga sambaza na kuziuza sokoni Kamembe, na vile visamaki, kimoja kimoja, vikageuka matofali.

Jumatano hiyo Vénuste alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono nyuma.

"Yaya," akamwita, kama dada mkubwa anavyoitwa huko, "ile ni nini?"

"Godoro."

"Ile yenye iko kwa pikipiki."

"Gesi. Ya kupikia."

Vénuste aliukodolea macho mtungi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na kitambi cha mtu anayepikiwa. Mukundwa alimbeba mgongoni mpaka akafika miaka minne, na mpaka leo aliamini kwamba kiuno kinachomuuma wakati wa mvua ni kazi ya Vénuste. Lakini siku baba yao alipofariki, Vénuste ndiye aliyefanywa mkubwa wa ukoo, kwa sababu moja ndogo ambayo Mukundwa aliijua vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akiiosha.

"Sawa," Vénuste akasema. "Kesho nitakuvutia waya. Tutaupitisha kwa migomba, unafika kwako. Hakuna haja ya kusumbua batu ya umeme."

"Waya wa kutoka wapi?"

"Kwangu. Kwani sisi si familia moja?"

"Ni familia moja. Ndiyo maana ule waya ninaujua."

"Yaya."

"Nimepeleka maombi, Vénuste. Watakuja kuniwekea kashipawa yangu."

Kashipawa ni ile mita ya kulipia kwanza. Kila moja ina namba yake, na kila namba ina jina la mtu nyuma yake. Vénuste alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya kwake aliiweka sebuleni, juu kabisa, mahali ambapo watu wengine hutundika msalaba.

"Mwanamuke peke yake, kashipawa ya nini?"

"Ya kuwasha taa."

"Nyumba ikikamata umeme kwangu, inabaki ya ukoo. Ikikamata yake..."

"Inabaki yangu," Mukundwa akamalizia, akashika njia na godoro lake.

Hapo ndipo shauri lote lilipolala, na wote wawili walilijua. Nyumba inayokula umeme wa nyumba nyingine ni anekse, hata iwe na ghorofa tatu. Vénuste angevuta waya, angeuchomoa, angeurudisha, na siku moja angeleta mpangaji katika chumba cha pili akisema ni mambo ya familia. Mukundwa hakupanda mlima wa sambaza ili aje kukaa katika chumba kingine cha uani, hata kama safari hii chumba kina mlango wa kijani.

Vénuste alipoona kwamba waya umekataliwa, akatafuta mahali pengine pa kushika. Akashika mtungi.

"Unajua ile gesi inatoka wapi?" akamwita kutoka juu, kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Inatoka pale." Akanyoosha kidole ziwani. "Chini ya maji. Ni ileile mazuku. Umetuletea mazuku kwa chupa."

Mazuku ni ule upepo mbaya unaokaa mabondeni upande wa Goma. Hauna rangi, hauna harufu. Mbuzi anashuka bondeni asubuhi akiwa mzima, anakutwa amelala bila jeraha. Na kila mtu anayeishi kando ya Kivu anajua kwamba chini ya lile ziwa kuna gesi nyingi inayongoja. Kwa hiyo maneno ya Vénuste yaliingia masikioni mwa watu kama maji kwenye mchanga. Kabla jua halijatua, kilima kizima kilijua kwamba Mukundwa analala na ziwa chini ya meza.

Na ukweli, ambao husemwa hata usipopendeza, ni kwamba Mukundwa mwenyewe aliogopa. Gesi hiyo aliinunua Kamembe kwa Mwavita, mfanyabiashara mwenye duka la mitungi nyuma ya msikiti, na Mwavita alimfundisha kila kitu mara mbili: mtungi usimame, usilale; kichwa, yaani kile kifungio cha mpira, kikae sawa mpaka kilie; mpira usiguse sahani; halafu chukua povu la sabuni upake kwenye viungo vyote. Povu likitulia, washa. Likitoa mapovu mapya, usiwashe, niite. Mukundwa akauliza, na nisipoweza kukuita? Mwavita akasema, basi nitasikia tu.

Akafunga kichwa. Kikalia. Akapaka povu, akakaa kwenye kigoda akilitazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika. Povu likatulia, likakauka. Akapiga ishara ya msalaba, akawasha kiberiti, akakinyoosha kwa mkono mrefu huku kichwa kimegeukia mlangoni, miguu tayari kwa safari.

Moto ukashika. Wa buluu, mdogo, umekaa kwenye duara yake kama watoto wa shule mstarini. Haukuwa na moshi. Mukundwa alisubiri moshi, kwa mazoea, macho yakiwa yamefumbwa nusu. Halafu akayafumbua. Akachemsha chai, akainywa kwa mshumaa. Vénuste akipenda kusema ni ya ziwa, na aseme. Sukari ilikuwa imekolea.

Ijumaa akaja fundi wa umeme. Kilima kilitarajia mwanamume. Akashuka msichana mmoja mwenye kofia ngumu na buti zilizomfika karibu na goti, jina lake Umuhire. Alifuatana na Muhigirwa, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao, mtu mpole ambaye alikubaliana na kila anayesema, kwa zamu. Umuhire alipima kutoka kwenye nguzo mpaka mlango wa kijani, akaandika, akarudi juu akikuna kichwa kwa kalamu.

"Maman, urefu ni sawa, hatuhitaji nguzo nyingine. Lakini waya utakatisha juu ya kona ya ua huu. Mwenye kiwanja anapaswa kutia sahihi kwamba amekubali."

Watu wote wakamtazama mwenye kiwanja. Vénuste alikuwa ameletewa kiti na mkewe Joséphine, akakaa katikati ya ua kama anayengoja kupigwa picha.

"Mimi sitii sahihi," akasema. "Si roho mbaya. Ni usalama. Nyumba ile iko na gesi ya ziwa. Waya utoke kule upite juu ya kichwa changu? Cheche moja, na mimi na bibi yangu na mbuzi wangu tumekwenda."

"Mzee anasema kweli, usalama ni muhimu," Muhigirwa akasema.

"Gesi yangu imekuja na lori," Mukundwa akasema. "Mwavita ameniambia. Ilitoka baharini, ikapita Tanzania nzima. Ziwa hili haijaliona mpaka nilipoileta mimi."

"Na Maman naye anasema kweli," Muhigirwa akasema.

"Mwavita anauza. Muuzaji atakuambia nini?" Vénuste akageukia watu waliokuwa wamejipanga kwenye ukingo wa njia. "Ngoja niwaulize. Gesi ya kwa ziwa iko ao haiko?"

"Iko," watu wakajibu.

"Na inaua ao haiue?"

"Inaua."

"Basi."

Umuhire alikuwa akikunja utepe wake wa kupimia. Alikuwa na nguzo nyingine mbili za kwenda kabla ya mvua, na labda ndiyo maana hakulizungusha neno.

"Papa, ya Maman ni gesi ya lori, hiyo ni kweli. Lakini ukitaka kujua ya ziwa iko wapi, iko." Akainua kalamu, akaonyesha bati la Vénuste, pale waya wake mnene ulipoingilia. "Iko mule."

"Mule wapi?"

"Kwa umeme wako. Kule Karongi wanaivuta chini ya ziwa, wanaichoma, mashine zinazunguka, umeme unatoka. Mwingine ni wa maji ya mto Ruzizi, mwingine ni wa ile gesi. Vyote vinaingia kwenye waya mmoja, hakuna muntu anavitenga. Taa yako inawaka ziwa, Papa. Ni miaka sasa."

Kutoka sebuleni redio ya Vénuste iliendelea kutangaza bei ya viazi, bila aibu. Vénuste alitazama bati, akatazama dirisha, akatazama ile taa ya barazani ambayo huwa haizimi hata mchana ili watu wajue kwamba anao. Kwa muda mfupi tu Mukundwa akamwonea huruma, ile huruma ya mtu aliyewahi kukufuta kamasi. Ikapita.

"Sasa, Vénuste," akasema polepole, "ni nani analala na mazuku?"

Mtu mmoja kwenye ukingo akacheka, akajifanya anakohoa.

Vénuste angeweza kucheka pia. Mtu mwingine angecheka, angeagiza urwagwa, na mambo yangeishia kwenye ile pombe ya ndizi. Lakini yeye alikuwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo akishasema maneno mbele za watu, maneno humpanda kichwani na kumshika masikio. Akainuka. Akaingia ndani. Wakasikia kiti kikiburutwa, halafu tak, swichi kubwa imeshushwa. Redio ikakatikia kwenye viazi.

Akatoka.

"Mimi nikisema kitu ni kitu," akasema. "Ziwa silitaki kwangu, wala juu ya ua wangu. Sahihi hakuna."

Umuhire alimwambia Mukundwa kwamba atarudi Jumanne. Kama sahihi itakuwepo, atafunga. Kama haipo, ataandika kwamba jirani amekataa, na karatasi itarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ndefu kushinda barabara ya Kamembe.

"Ao Maman akubali tu waya wa familia," Muhigirwa akasema kwa upole. "Kashipawa ya Mzee iko kubwa, inatosha nyumba mbili."

"Hapana," Mukundwa akasema.

"Ni kwa muda tu, Maman."

"Miaka kumi na tisa pia ilikuwa kwa muda. Nitakaa na mshumaa. Mshumaa hauchomolewi na mtu."

Jumamosi mvua ikanyesha. Haikunyesha kama mvua, ilinyesha kama mtu anayelipiza. Ikapenya paa la jiko la Vénuste, ikalowesha makaa yote na kuni zote. Mukundwa alisimama mlangoni pake akitazama moshi mweusi ukitoka kwa Joséphine, ukikata, ukitoka tena. Halafu ukakata kabisa. Baada ya muda akamwona Joséphine akiteremka kwa kuteleza, kanga kichwani, chungu kikiwa kifuani.

Joséphine hakuwa mtu wa maneno. Katika miaka yote ile Mukundwa hakumbuki kumsikia akimaliza sentensi ambayo Vénuste hakuimalizia.

"Wifi," akasema mlangoni, akitazama mtungi kwa pembeni. "Haya maharage yalikuwa yameanza. Yakikatishwa yatakuwa mawe."

"Yalete."

"Hiyo... hailipuki?"

"Mpaka jana haijalipuka. Leo sijaiuliza."

Joséphine alikaa nusu ya makalio kwenye kigoda, nusu nyingine ikiwa imeshaanza safari ya kurudi. Lakini maharage yakaanza kuimba, na chumba kilikuwa kikavu, na hapakuwa na moshi wa kumtoa machozi. Saa moja baadaye alikuwa amekaa makalio yote. Mukundwa akamkaangia sambaza kwenye sahani ya pili, kwa pilipili na mawese.

"Anasemaje huko juu?" akauliza.

"Hasemi. Anakaa na kiti chini ya swichi. Anailinda." Joséphine alilamba kidole. "Simu imezima, redio imezima. Mzee mmoja wa kilima cha ng'ambo, aliposikia ziwa limo kwa umeme, naye alizima kwake kwa ajili ya mazuku. Bibi yake akawasha tena kabla ugali haujaiva. Wangu anakaa palepale. Asubuhi ameniuliza mpira umekwendaje, kana kwamba mimi niko uwanjani."

"Muwashie."

"Nikigusa ile swichi atasema nimemvunjia heshima." Halafu akasema, akiitazama miali ya buluu, "Wifi, mimi ninapika na moshi tangu niko na miaka saba. Ninakohoa kila asubuhi. Yeye anasema ni malaria."

Mukundwa akamwongezea sambaza. Kuna maneno ukiyajibu yanakimbia.

Maharage yalipoiva Joséphine akayafunika, akapanda nayo. Jumapili akarudi na mchele. Jumatatu akarudi na ndizi, na safari hii hakuuliza kama inalipuka, aliwasha mwenyewe.

"Na yeye anakula?" Mukundwa akauliza.

"Analamba sahani. Jana aliniuliza nimepata wapi makala makavu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kwa jirani. Si nimedanganya?"

"Hujadanganya hata kidogo."

Wakacheka kwanza kimya, mabega tu, halafu kwa sauti. Joséphine alicheka mpaka akashika mlango. Alipomaliza alifuta macho, akauliza kitu ambacho Mukundwa hakukitegemea.

"Ile sahihi. Yule msichana alisema ya nani?"

"Ya mwenye kiwanja."

"Alisema ya mwanaume?"

Mukundwa aliweka mwiko chini.

"Hakusema."

"Kwa karatasi ya kiwanja," Joséphine akasema, taratibu kama mtu anayekanyaga jiwe la mtoni kabla ya kuliamini, "kuna majina mawili. Walipokuja kuandikisha mashamba waliniita nami. Nikaweka jina langu, likakaa chini ya lake. Karatasi iko chini ya godoro, upande wangu." Akafunga kanga. "Sijawahi kulitumia lile jina. Sijui kama bado linafanya kazi."

Mukundwa hakumsukuma. Usiku ule hakulala vizuri. Alijua kitu anachokingojea si kidogo: mwanamke mmoja atoke kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe na kusema neno, halafu arudi kuingia kwenye mlango uleule.

Jumanne Umuhire akaja na ngazi begani na koili ya waya, Muhigirwa akiwa nyuma yake amebeba karatasi. Watu wa ukingo nao walikuja, kwa sababu Jumanne hakuna soko. Vénuste alikuwa kitini katikati ya ua. Siku nne bila redio zilikuwa zimemkondesha uso.

"Sahihi ipo?" Umuhire akauliza.

"Haipo," Vénuste akasema.

Mukundwa alisimama mbele yake. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli.

"Vénuste. Mbele ya hawa watu ninakuomba mara moja, na sitaomba tena. Sitaki umeme wako. Sitaki ukuta wako. Ninataka waya upite hewani, mahali ambapo hata ndege hawakuombi ruhusa. Ukikataa, nitapeleka karatasi tena mwakani, na mwaka wa pili, na wa tatu. Nitakaa kwa mshumaa mpaka nife, na siku ya maziko utahitaji mwanga, na hutaupata kwangu. Waya wako hauingii kwenye nyumba ile. Hata maiti yangu itaukataa."

"Yaya, unasema maneno makubwa."

"Nimeyaweka miaka kumi na tisa, yamekua."

"Hata hivyo hapana," Vénuste akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu, lakini ilikuwa hapana.

Umuhire akafungua kalamu ili aandike. Hapo ndipo mlango wa sebule ulipolia, akatoka Joséphine. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa kulaliwa.

"Dada," akamwambia Umuhire, "soma hapa kama kuna jina langu."

Umuhire akaisoma. Akamkabidhi Muhigirwa, naye akaisoma kwa kidole.

"Limo," Umuhire akasema. "Mko wawili."

"Fomu yako inataka mwenye kiwanja. Mimi si mwenye kiwanja?"

Umuhire akamtazama Muhigirwa. Muhigirwa akamtazama Vénuste, akamtazama Mukundwa, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe hakumwona mtu wa kukubaliana naye kwanza. Akakohoa.

"Karatasi ni karatasi," akasema. "Fomu haikuandika bwana wala bibi."

"Joséphine, rudi ndani," Vénuste akasema.

"Nitarudi. Ninamaliza hapa."

"Unataka kutuua? Ile gesi..."

"Umekula ile gesi siku tatu," Joséphine akasema. "Maharage, mchele, na ndizi za jana. Ulisema ndizi zimeiva sawa na za harusi. Makala yalilowa yote Jumamosi, Papa. Ulikuwa umekaa chini ya swichi, hukuona."

Vénuste aliweka mkono juu ya tumbo, polepole, kama anayelisikiliza. Joséphine aliinama juu ya mgongo wa Muhigirwa, maana hapakuwa na meza, akaandika jina lake. Aliandika herufi moja moja, akirudi nyuma kuweka ile alama ndogo juu ya e. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha Umuhire akapanda ngazi. Waya ukapita juu ya kona ya ua, juu ya jiko lenye paa linalovuja, juu ya migomba, ukateremka mpaka bati jipya. Vénuste aliufuata kwa macho hatua kwa hatua, ila hakuinuka kitini. Ndani ya nyumba, Umuhire akafunga kashipawa, akabonyeza namba, mashine ikalia kama kifaranga.

"Nisomee jina," Mukundwa akasema.

"Lipo kwenye karatasi, Maman, si kwenye mashine."

"Basi nisomee kwenye karatasi."

"Mukundwa Vénantie, mkazi wa Nkanka."

"Imeandikwa anekse mahali popote?"

"Hapana. Imeandikwa nyumba."

Mukundwa akamwomba asome tena, akidai kwamba pikipiki ilipita.

Alhamisi alasiri, Mukundwa akiwa anakaanga, kivuli kikaingia kabla ya mwenyewe. Vénuste alikuwa nje, hatua moja kutoka kizingiti, simu mkononi.

"Yaya."

"Eh."

"Imekufa tangu Ijumaa ile. Batoto ya Kigali labda wanadhani nimekufa nayo."

"Joséphine aliwapigia jana, kutoka hapa. Wanajua uko mzima na kiti chako."

Vénuste akageuza simu upande mmoja, akaigeuza mwingine.

"Nilikuwa ninawaza. Huu umeme wako ni mpya. Labda wenyewe wametoa kwa Ruzizi tu. Labda ziwa halimo."

Mukundwa aligeuza sambaza. Aliona kabisa anachoombwa: neno dogo, kama lile ambalo mkubwa humpa mtoto ili ameze dawa. Akisema halimo, Vénuste ataingia na heshima yake yote, atakaa, atakula, na kesho atakuwa na la kusema kuhusu mahali pa kuweka meza.

"Limo," akasema. "Limo lote, mpaka tope la chini. Ukitaka kuchaji, utachaji ziwa, na utakula ziwa, na utakaa pale nitakapokuonyesha. Ukitaka kubaki nje, jua bado lipo."

Vénuste alitazama juu, upande wa kwake, ambako taa ya barazani ilikuwa imezima. Alitazama mtungi. Alitazama sambaza, akazitazama kwa muda mrefu kidogo. Mguu wake ukainuka kutaka kuingia kama ulivyozoea kuingia katika chumba chochote cha dada yake, lakini Mukundwa alikuwa amemkazia macho, na mguu ukarudi chini.

"Hodi," Vénuste akasema.

Mukundwa akamwacha hapo, sambaza ziive upande wa pili. Ndipo akamkaribisha.